Lisemwalo Si Lazima Liwepo



Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ilizaliwa kijijini, mahali ambapo msemaji alijulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa mwenendo wake. Ukisikia kwamba tembo wametoka hifadhini na kuingia mashambani, ulijua ni nani aliyesema. Na kama alikuwa mtu wa kutia chumvi, ulijua pa kupunguza. Leo neno hutufikia kwenye simu likiwa halina baba wala mama. Amelituma shemeji, aliyetumiwa na mwanakwaya, aliyetumiwa na mtu asiyemkumbuka. Nasi tunalipokea kwa methali ileile ya zamani, kana kwamba aliyelisema amesimama mbele yetu.

Chukua ujumbe wa aina hii, ambao kwa sura moja au nyingine umepita katika makundi mengi ya WhatsApp, hata ya jumuiya na ya kwaya: gari jeusi limeonekana barabara ya Bunda kwenda Kisorya, linaiba watoto, wazazi tuwe macho, tuma kwa makundi kumi. Hauna tarehe. Hauna jina la kijiji. Hauna namba ya mtu wa kuulizwa. Lakini una nguvu ya kutosha kuwafanya vijana wa senta wasimamishe gari la mnunuzi wa dagaa ambaye hawamfahamu, na sote tunajua maneno "wananchi wenye hasira kali" humaanisha nini katika taarifa ya habari. Au chukua chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba inaharibu kizazi ulitembea kwa kasi kuliko muuguzi aliyebeba chanjo yenyewe. Binti aliyefichwa siku ya chanjo hataona hasara leo. Pengine ataiona akiwa mama wa watoto wanne.

Kwa hiyo swali si kama uongo wa mtandaoni ni mbaya. Amri ya Nane imekwisha kulijibu hilo. Swali ni nani apewe kazi ya kuushinda, na kwa chombo gani. Maoni yangu ni kwamba nchi yetu imeegemea mno kwenye rungu la sheria ya jinai, huku sisi sote, Kanisa likiwemo, tukiipa redio jamii nafasi ndogo kuliko inayostahili.

Rungu na mipaka yake

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, inamtia hatiani mtu anayechapisha mtandaoni habari anayojua kuwa ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya umma. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Tuitendee haki sheria hiyo: inataka mtu awe anajua kwamba asemalo ni uongo, na hilo ni jema. Lakini haitaki kuthibitishwa kwamba yupo mtu aliyedhurika.

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilikwenda mbali zaidi. Zile za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni kukata leseni, na jumla ya ada za kuanzia ilizidi shilingi milioni 2. Juni mwaka huo JamiiForums ilisitisha huduma kwa muda. Zile za mwaka 2020 ziliweka orodha ndefu ya maudhui yaliyokatazwa, na zikampa mwenye chombo saa 2 kuyaondoa akishaarifiwa. Mwaka 2022 ada zilipunguzwa, na tunashukuru. Hata hivyo mantiki ilibaki ileile: kipo chombo kimoja chenye mamlaka ya kusema hiki ni kweli na hiki ni uongo, na mdogo ndiye anayebeba gharama.

Majirani zetu wamekwisha kulitafakari jambo hili mahakamani. Mwaka 1997 waandishi wawili wa gazeti la The Monitor la Uganda, Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda, walishtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo. Kesi yao ilizaa shauri la kikatiba, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Uganda ilikifuta kifungu cha habari za uongo kwa kuwa kilibana uhuru wa maoni kupita kiasi kinachokubalika katika demokrasia. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ilisema vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwemo vya habari za uongo na uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka huohuo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyataka mataifa yafute makosa ya jinai ya aina hiyo. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyesema uongo ni kitu kizuri. Walichokiona ni kwamba gereza ni dawa mbaya kwa ugonjwa huu.

Thomas wa Akwino angewaelewa. Katika Summa anauliza kama sheria ya binadamu inapaswa kukataza maovu yote, naye anajibu kwamba hapana. Sheria hutungwa kwa ajili ya umati wa watu ambao wengi wao si wakamilifu katika fadhila. Kwa hiyo ikataze yale maovu mazito zaidi, hasa yanayowadhuru wengine na ambayo yasipozuiwa jamii haiwezi kusimama. Huyohuyo Thomas, akizungumzia uongo, anautenga uongo wa kudhuru na ule wa mzaha na ule wa kumsaidia mtu. Zote ni dhambi, lakini hazina uzito mmoja. Ukiyaweka mafundisho hayo mawili pamoja unapata kipimo kinachofaa hata kwa Bunge letu: sheria ya jinai ishughulike na uongo wa kudhuru, kama vile kuchochea mauaji, kutapeli wagonjwa kwa dawa bandia, au kumtaja mtu asiye na hatia kuwa mchawi au mwizi wa watoto. Uongo mwingine uachiwe masahihisho, aibu, elimu na maungamo.

Pingamizi la Rwanda

Najua jibu litakalotolewa, na ni jibu zito. Jirani zetu Wanyarwanda waliuawa kwa maneno kabla ya kuuawa kwa mapanga. Redio RTLM ilianza matangazo yake mwaka 1993, na mwaka uliofuata ilikuwa ikitaja watu na mahali walipojificha. Wakimbizi walivuka Kagera na kuingia Ngara kwa mamia ya maelfu. Je, tutaacha maneno yaende huru baada ya hayo?

Tulitazame jambo lenyewe vizuri. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waasisi wa RTLM, mwaka 2003, na hata baada ya rufaa ya 2007 hatia ya uchochezi wa mauaji ya kimbari ilibaki. Hakuhukumiwa kwa kusema yasiyo sahihi. Alihukumiwa kwa uchochezi, yaani ule uongo wa kudhuru ambao Thomas angeuweka juu kabisa. Tena RTLM haikuwa sauti ya wanyonge iliyokosa mdhibiti. Ilikuwa karibu na wenye nguvu. Mdhibiti angeiacha iendelee.

Sehemu ya pili ya kisa hicho husahaulika. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera huko Ngara. Kwizera maana yake ni kutumaini. Wakimbizi wale walikuwa wametoka kwenye nchi iliyotiwa sumu kwa redio, na Kanisa likawapa redio nyingine: ya kuwaeleza kinachoendelea, ya kuwapatanisha wao kwa wao na wenyeji waliowapokea. Nadhani hilo ndilo funzo letu kubwa zaidi kutoka kwa msiba ule. Neno baya liliwekewa mipaka na mahakama, lakini nafasi yake masikioni mwa watu ilijazwa na neno jema lililokaa jirani.

Mwamuzi naye hukosea

Lipo tatizo jingine, na limetugusa sisi wenyewe. Kanuni za 2020 zilikataza kutangaza mtandaoni habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka husika. Tangu Mei 2020, takwimu za wagonjwa wa Corona zilikuwa zimesimama kwenye 509. Januari 26, 2021, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, aliyekuwa Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, aliandika barua ya kutahadharisha juu ya wimbi jipya na kuhimiza watu wajikinge na kusali. Wakati huo kauli rasmi ilikuwa tofauti. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, na kilichokuwa onyo la maaskofu kikawa sera ya Serikali. Ukweli haukubadilika kati ya Januari na Julai. Aliyebadilika ni mwamuzi. Kama maaskofu wetu wangesubiri idhini, waumini wangapi wangeendelea kubanana kwenye mabenchi bila hata maji ya kunawa mlangoni?

Mwaka 2025 ulituongezea somo. JamiiForums, ambao wana dawati la kuhakiki habari liitwalo JamiiCheck, walisimamishiwa leseni kwa siku 90 mwezi Septemba kwa madai ya maudhui ya kupotosha. Tarehe 29 Oktoba, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa, ikaanza kurejea Novemba 3. Iliporejea, polisi walituma ujumbe wa kuonya dhidi ya kusambaza picha na video za kuleta taharuki. Sitaki kuingia hapa katika hukumu ya matukio ya siku zile. Wapo wenye wajibu huo, na maaskofu wetu hawakunyamaza. Nasema tu juu ya uvumi. Kuzima intaneti hakukuzima uvumi hata kwa saa moja. Ulihamia kwenye simu za kawaida, kwenye bodaboda, kisimani na kwenye mialo ya ziwa. Kilichozimwa ni njia ya kuuhakiki.

Sisi wa Mara tuna sababu ya pekee ya kulipima jambo hili kwa utulivu. Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, mwana wa Butiama, aliongoza chama ambacho mwanachama wake aliahidi kusema kweli daima na kuikataa fitina. Katika uongozi wake pia ilipitishwa Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyompa waziri uwezo wa kufungia gazeti. Mwalimu alipumzika mwaka 1999. Sheria ile ilikuwa bado kazini mwaka 2012 gazeti la MwanaHalisi lilipofungiwa. Anayetunga sheria ya kupima ukweli huwaza mkono wake mwenyewe ukiishika. Hajui ni mkono gani utakaoishika baada yake.

Redio ya jirani

Basi tufanye nini? Bunda pale wapo Mazingira FM. Sengerema wanayo redio yao, Pangani wanayo, wafugaji wa Simanjiro wanayo pale Terrat, na mtandao wa TADIO unaziunganisha redio za namna hii nchini. Redio jamii haina mtambo mkubwa wala mtangazaji maarufu. Ina kitu ambacho chombo kikubwa cha Dar es Salaam hakiwezi kununua: ikitangaza uongo kuhusu Kisorya, mtu wa Kisorya atapiga simu kabla kipindi hakijaisha, na mtangazaji atakutana naye gulioni. Kitabu cha Mithali (18:17) kinatufundisha kwamba anayeanza kujieleza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje amchunguze. Redio ya jirani ni mahali ambapo huyo mwenzake anaweza kufika kwa nauli ya bodaboda.

Turudi kwenye lile gari jeusi. Sheria ya 2015 itamfikia nani? Aliyeuanzisha ujumbe hajulikani. Aliyeusambaza ni mama mwenye hofu ya kweli juu ya wanawe. Lakini mtangazaji wa Bunda anaweza kumpigia mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu na mkuu wa kituo cha polisi, akawasikilizisha wasikilizaji majibu yao watatu jioni ileile. Kazi hiyo ni ya saa mbili na vocha ya simu. Inaweza kuokoa roho ya mnunuzi wa dagaa.

Sisemi redio jamii ni watakatifu. Wengi wa watangazaji wake hujitolea au hulipwa kidogo mno, na mtu mwenye njaa huogopa kumkasirisha anayeleta tangazo, awe mgombea, mganga wa kienyeji au ofisi ya umma. Nyingine husoma hewani walichokiokota mtandaoni bila kuuliza. Kwa sababu hiyo uaminifu wao uwe na masharti: wakikosea, wasahihishe katika kipindi kilekile na kwa sauti ileile, wadhamini wao watajwe, na malalamiko yapelekwe kwanza kwenye usuluhishi, kama ule wa Baraza la Habari Tanzania lililoanzishwa mwaka 1995, kabla ya kukimbilia polisi.

Na mkubwa naye abebe mzigo wake. Ulaya, sheria ya huduma za kidijitali inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024 inayataka majukwaa yenye watumiaji zaidi ya milioni 45 huko yapime hatari yanazozileta kwa jamii, na faini yake yaweza kufika asilimia 6 ya mapato ya mwaka. Kwetu mwenye blogu ana saa 2. Afrika Mashariki ikizungumza kwa pamoja inaweza kudai angalau wahakiki wa kutosha wanaojua Kiswahili, maana kampuni inayopata faida kwa macho yetu inapaswa kuielewa lugha yetu.

Upande wetu

Tusimalize kwa kuwanyooshea vidole serikali na kampuni. Mei 2025, siku chache baada ya kuchaguliwa kwa Baba Mtakatifu Leo XIV, ilizagaa video iliyotengenezwa kwa akili mnemba ikimwonyesha akimsifu Kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso. Vyombo vya habari vya Vatikani vilikanusha. Waliokuwa wakiisambaza kwa furaha hawakuwa maadui wa Kanisa. Walikuwa watoto wake. Papa Fransisko alikuwa ametuonya mapema, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari ya 2018, akimtaja nyoka wa bustani ya Edeni kuwa mtunzi wa kwanza wa habari za namna hii. Nyoka yule alichanganya ukweli kidogo na uongo, ndiyo maana alisikilizwa.

Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji bajeti kubwa. Kwanza, kila parokia imteue mtu wa kuulizwa, katekista au mlei mwenye busara, ambaye namba yake inajulikana katika kila jumuiya ndogo ndogo, ili swali "hili ni kweli?" liwe na pa kwenda. WhatsApp yenyewe huweka alama ya mishale miwili kwenye ujumbe uliosambazwa mara nyingi. Ukiiona, piga simu kwanza. Pili, parokia zetu ziombe muda katika redio jamii zilizopo, si kwa ajili ya mahubiri peke yake, bali kwa kipindi kifupi cha kila wiki cha kuuchukua uvumi mmoja na kuufuata mpaka ulikotoka. Zipeleke pia vijana wetu wakajitolee huko. Tatu, sisi tunaojiandaa kwa upadre tujifunze kuhakiki habari kama tunavyojifunza mantiki. Tunatumia muhula mzima kutambua hoja potofu za Wasofisti wa Athene. Zipo nyingine kwenye simu zetu, na zinasubiri mwanafunzi wa kuzitambua.

Katekisimu inatukumbusha kwamba hata ukweli unaweza kuwa dhambi, mtu anapoyafichua makosa ya mwenzake pasipo sababu ya haki. Kwa hiyo kipimo chetu ni kikubwa kuliko kile cha sheria ya mtandao: kwanza, je, ni kweli? Pili, je, kuna anayehitaji kulijua? Mkristo anayejiuliza hayo kabla ya kubonyeza hahitaji mdhibiti. Na wahenga, ambao hawakusema jambo moja tu, walituachia methali nyingine ya kuanzia: kuuliza si ujinga.